Deo, Aliyeuliza Mara ya Pili

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ajuaye yaliyo vifuani kabla hayajatamkwa. Ndugu zangu wa Rubavu, wa Goma na wa mbali, Waislamu na Wakristo, nawasalimu kwa amani, kila mmoja kwa salamu ya nyumba yake.

Siamini bado. Deogratias, fundi wetu wa kompyuta, rafiki yangu tangu tuliporejea nchini, mimi kutoka Kigoma na yeye kutoka Kongo, alitutoka jana baada ya adhuhuri.

Wengi mtaandika juu ya ucheshi wake. Mimi naomba niandike juu ya draiva.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikifundisha Kurani jioni, na mchana nikitunza friji la chanjo katika zahanati moja ya Nyamyumba. Friji lilitumia gesi na halikutusumbua. Kilichotusumbua ni kompyuta ndogo iliyokaa juu yake, iliyoandika joto la friji usiku na mchana. Haikuwa na diski. Iliandika katika chipu ya flashi, kumbukumbu ambayo hubaki na maandishi yake hata umeme ukikatika.

Ndivyo tulivyoambiwa. Lakini kila umeme ulipopotea na kurudi, rekodi za saa za mwisho zilikuwa takataka tupu. Na chanjo isiyo na rekodi haiaminiki, hutupwa. Wakubwa wetu wakatuonya kwamba ikitokea tena, friji litahamishiwa mjini, na akina mama wa Nyamyumba watawabeba watoto wao kwa miguu hadi huko.

Deo akaichukua mashine hadi nyumbani kwake Gisenyi. Akachapisha kwenye karatasi ile sehemu ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, inayozungumza na kontrola, yaani kidhibiti cha chipu. Hiyo ndiyo draiva: mjumbe kati ya kiini na chipu. Akaisoma mstari kwa mstari huku akila sambaza, vile vidagaa vya ziwani, vya kukaanga, mpaka kurasa zikang'aa mafuta.

"Deo, unaisoma au unaikaanga?" nilimuuliza.

"Mwalimu, we soma kitabu yako, mi nasoma yangu. Zote ziko na siri."

Akachomoa waya wa umeme, akauchomeka, akauchomoa tena. Kila mara rekodi zilirudi salama. Kwake mashine ilikuwa nzima, kwetu Nyamyumba ilikuwa mgonjwa. Jambo hilo halikumkasirisha. Lilimfurahisha! "Bon," alisema akisugua mikono, "njo iko tamu sasa," yaani ndipo utamu ulipoanza.

Asubuhi moja, nikiwa kwake, mama yake alivuka mpaka kutoka Goma kuja kumwona. Deo, macho yake kwenye karatasi, akamsalimu: "Mama, habari ya kule?"

"Muzuri tu, mwana."

Deo akaendelea kusoma. Mama akavua viatu, akaketi, akanywa chai yake yote. Kisha akasema kwa sauti ile ile: "Paa imevuja. Mbuzi imekufa. Na kaka yako alianguka na pikipiki, mguu imevunjika, iko na plâtre."

"Yesu! Mama, si umesema muzuri?"

"We uliniuliza mara moja tu!"

Mnajua tunavyosalimiana huku. "Nzuri" ya kwanza ni adabu. Habari yenyewe hungoja swali la pili. Deo alimwomba mama yake radhi, akauliza habari za ule mguu mpaka zikaisha. Kisha akaikamata karatasi yenye mafuta.

"Mwalimu, ona. Draiva inauliza chipu: 'Umemaliza kuandika?' Chipu inasema: 'Ndiyo.' Draiva inaenda zake! Haiulizi kama kazi imetoka muzuri."

Chipu ilikuwa na majibu mawili, moja la kumaliza na jingine la kushindwa. Draiva ilisoma la kwanza tu. Kwa kuamini kwamba nakala mpya ni nzima, ilifuta ya zamani.

Nikamuuliza kwa nini basi ishindwe Nyamyumba tu. Akaitazama taa ya darini. "Kule umeme inakufaka namna gani?"

Nikamweleza kwamba haukatiki. Unazimia. Taa inafifia, inakuwa nyekundu kama kaa la moto, ndipo giza linaingia.

"Na mi nachomoa waya kama mutu anang'oa jino! Kule chipu inaishiwa nguvu, na draiva ingali inafuta."

Tukaifunga mashine kwenye betri ya gari iliyochoka, pamoja na taa kubwa ya kuimaliza nguvu. Deo akaiamuru draiva ionyeshe majibu yote mawili. Taa ilipogeuka nyekundu, jibu la kushindwa likatokea kwenye skrini. Chipu ilikuwa ikikiri siku zote, na hapakuwa na wa kuisikiliza. Deo alipiga ukelele hata mama yake akamwaga kikombe chake cha pili cha chai.

Akaongeza mistari michache: draiva iulize mara ya pili, na ikijibiwa kwamba kazi imeshindikana, isifute kitu chochote hadi umeme upate nguvu. Wiki ile ile umeme wa Nyamyumba ukazimia tena. Ulipozinduka, rekodi zote zilikuwapo. Friji halikuhama.

Juzi nilikwenda kumwona hospitalini.

"Hujambo, Deo?"

"Muzuri tu, Mwalimu."

Nikavuta kiti, nikaketi, nikamuuliza tena.

Akatabasamu. "Ah. Sasa umeuliza." Ndipo akanieleza yote: maumivu, hofu, na kwamba alijua hatatoka mle kwa miguu yake. Tukaomba pamoja, kila mmoja kwa maneno yake.

Ndugu yangu Deo, leo nimesimama kando ya jeneza lako, nikakusalimu mara moja, kisha mara ya pili. Jibu nitalisikia kwa Mola wetu. Lala salama.

Nanyi msomao, Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zenu na wote waliomo, na asimnyime yeyote kati yenu mtu wa kuvuta kiti na kuuliza tena. Amina.