Siku Tuliyoipa Daruur Mgongo

Harufu ya ngozi zilizopakwa chumvi huwachefua watu wengi. Mimi hunikumbusha muziki. Nyuma ya nyumba yetu pale Garissa kulikuwa na ghala la ngozi za ng'ombe na mbuzi, na kila baada ya sala ya alasiri bendi ya Daruur ilifanyia mazoezi kwenye kivuli chake, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyetaka kukaa pale. Daruur kwa Kisomali ni wingu. Gurey ndiye aliyeimba na kupiga kaban, kile kinanda cha nyuzi chenye tumbo la mviringo. Rafiki yake Salat alipiga ngoma, na binamu wawili wa Salat walipiga makofi na kuitikia. Gurey halikuwa jina lake la kuzaliwa. Maana yake ni mtu wa mashoto, na kweli alikishika kinanda kinyume na wapigaji wote, hata ukimtazama ulidhani unamwona kwenye kioo.

Nilikuwa na miaka tisa, na dada yangu Habiba kumi na sita. Tulipanda juu ya mtungi mkubwa wa maji uliofunikwa, tukachungulia juu ya ua wa miti mikavu. Habiba alizijua nyimbo zote. Aliimba akisuka mikeka, akikoroga chai, hata mama akamwambia siku moja kwamba nyumba hii ina redio isiyo na kitufe cha kuzima. Mtaani kwetu hakuna aliyeoa bila Daruur. Wakiwa wameitwa harusini Wajir, bwana harusi wa Garissa alisubiri warudi, na wazee hawakuona aibu kusogeza siku. Nyimbo zao zilihusu mvua, ngamia aliyepotea, msichana aliyevuka mto akasahau kuaga. Tuliamini zimetungwa kwa ajili yetu sisi peke yetu.

Kisha ikaja vita ya jimbo letu kutaka kujitenga, muda mfupi baada ya bendera mpya ya uhuru kupandishwa. Vijana wengine waliingia msituni na bunduki. Wanajeshi wakajaa mjini, amri ya kutotoka nje ikaanza jua linapozama, na harusi zikahamia asubuhi, fupi, watu wakitazama barabara. Wafugaji walikusanywa vijijini na mifugo yao ikafa pale pale kwa kukosa malisho. Vijana walianza kumtaka Gurey atunge nyimbo za vita. Alikataa. Alisema kwa upole kwamba yeye huimbia maharusi. Hapo ndipo nilipowasikia watu kwa mara ya kwanza wakimsema vibaya, wakimwita mwoga, watu wale wale waliokuwa wakimgombania kwa ajili ya harusi zao. Habiba alimtetea kila mahali. Alikosana na rafiki yake wa kisimani kwa sababu yake.

Asubuhi moja wanajeshi walizunguka mtaa wetu na kuwatoa wanaume wote nje. Walimchukua baba, mfanyabiashara wa mifugo ambaye hakuwahi kushika silaha, pamoja na majirani kumi na wawili. Walifungiwa ndani ya uzio wa seng'enge nje ya mji. Mama alikwenda kila siku na birika la maziwa, akarudi nalo likiwa limejaa. Hakulia mbele yetu. Alikaa tu mlangoni, miguu ikiwa na vumbi.

Wiki ya tatu tuliamriwa kwenda uwanjani. Afisa mmoja mkubwa alikuja kuhutubia, na alipomaliza, Gurey na wenzake wakapanda jukwaani. Kwa nukta chache nilifurahi, kana kwamba nimemwona mtu wa nyumbani mahali pa kigeni. Kisha akaanza kuimba kwa Kiswahili, ambacho hakukijua vizuri, wimbo wa kuisifu serikali na jeshi lake. Sauti ilikuwa ile ile. Habiba, aliyekuwa ameketi chini kando yangu, aligeuka taratibu akaupa jukwaa mgongo. Mwanamke wa nyuma yetu akafanya hivyo hivyo, kisha mwingine, hadi upande wote wa wanawake ukawa umegeuka. Nami niligeuka. Namkumbuka mama, ambaye hakugeuka. Alifunika uso kwa ushungi wake. Gurey aliuimba wimbo hadi mwisho, ubeti kwa ubeti.

Siku nne baadaye, baba na wenzake kumi na wawili waliachiliwa. Baba alirudi amekonda, vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki. Tulimshukuru Mungu na kuchinja mbuzi. Jioni ya siku ya pili, jua likiwa bado juu ya paa, Gurey alibisha hodi. Habiba alifungua mlango nusu, nami nilikuwa nyuma yake.

"Abaayo, nasikia baba amerudi," Gurey alisema, akimwita dada kama alivyowaita wasichana wote wa mtaa. "Nimekuja kumpa salamu. Nimwone tu, kisha niende."

"Hapa hakuna mtu wa kukuona," Habiba alimjibu.

Gurey alinitazama mimi. Nilikuwa na uwezo wa kusema baba yuko ndani, yuko macho. Nilitazama miguu yangu. Aliweka mkono kifuani, akasema sawa, akaondoka. Baba aliuliza kutoka ndani ni nani, na Habiba akasema ni mtu aliyekosea nyumba. Hatukumwona tena. Hakuna harusi iliyomwita, na kabla ya mvua alikuwa ameuhama mji.

Zaidi ya miaka ishirini ilipita. Nilikuwa mwalimu Wajir nilipomkuta Salat, mzee sasa, akiwanywesha ngamia kisimani. Nilimwambia mimi ni binti wa nani. Akaniambia kwamba Gurey alikuwa amefariki kwa homa ya mapafu, huko huko Wajir, bila mke wala mtoto.

"Baba yako alijua?" aliniuliza.

"Alijua nini?"

Ndipo akaniambia. Yule afisa alitaka wimbo. Gurey alikubali kwa sharti kwamba watu kumi na watatu waachiliwe, akawataja mmoja mmoja kwa majina ya baba zao. Kisha akawaapisha wenzake wasiseme, kwa sababu walio msituni wangejua bei ya kuachiliwa kwa watu hao, wangewahesabu kuwa wamenunuliwa na serikali, na wangewaua. Siku ile alikuja kwetu kuhakikisha kwa macho yake kwamba afisa ametimiza ahadi.

Nilipanda lori hadi Garissa kumwambia Habiba. Baba alikuwa amekwisha kufa. Dada alinisikiliza akiwa anachambua mchele, na mikono yake haikusimama. Mwishowe alisema, "Kwa nini umeniambia?" Hatujalizungumza tena hadi leo.

Siku hizi Daruur imerudi. Mtu alipata kanda yao ya zamani, na sasa nyimbo zimo kwenye simu za vijana, kuanzia harusi za Garissa hadi vibanda vya kambi za wakimbizi za Ifo na Dagahaley. Wanazipenda kwa wepesi, wala siwalaumu. Hakuna aliyewaomba wachague. Sisi tulimpenda Gurey kama wetu, ndiyo maana tulijipa haki ya kumhukumu. Mwezi uliopita mjukuu wangu aliniuliza kama niliwahi kumwona. Nikasema aliwahi kuja nyumbani kwetu. Alifurahi, akasogea karibu, akataka kujua alikunywa chai au maziwa, na alikaa upande gani. Nikamwambia hakukaa.