Treni Zilizokataliwa na Boksi

Mwaka 1997, mtu aliyekuwa na kompyuta iliyogoma mjini Kisii alikuwa na njia mbili. Angeweza kuipakia kwenye gari aipeleke Kisumu, au angepanda ngazi za nyuma ya duka la Bipin, lile la spea za baiskeli na cherehani, abishe mlango wa Nyamoita. Wengi walianza na Kisumu. Wakirudi, walipanda ngazi.

Nyamoita alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Manga, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo hakuwa na haja ya kuipandisha. Alianza kama mpiga taipu katika ofisi ya chai upande wa Nyansiongo. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa pale, makarani wenzake waliifunika kitambaa na kuipita kwa mbali, kana kwamba ina mwenyewe na mwenyewe ni mkali. Nyamoita alikiomba kitabu chake cha maelezo, akakisoma ukurasa kwa ukurasa na kamusi pembeni, na baada ya miezi mitatu meneja hakuwa akimwita mtu mwingine. Ofisi ilipopunguza wafanyakazi, aliondoka na kile alichokuwa nacho kichwani, akakodi chumba kwa Bipin. Siku za wiki alilala mjini. Ijumaa, kabla jua halijatua, alikuwa amekwisha fika Manga kwa mumewe Ombui na migomba yao, kwa kuwa walikuwa Waadventista na Sabato haingoji mtu.

Kompyuta ya duka la Bipin ilikuwa chini ya uangalizi wake. Ilitumia Windows ya zamani, na ndani yake mlikuwa na programu iliyojua kila spea iliyoko dukani na rafu ilikokaa. Aliyeitunga alikuwa fundi mmoja wa Kisumu, na alikwisha fariki. Kwa hiyo Nyamoita aliitendea ile programu kama mzee wa ukoo: hakuisumbua, na kila Alhamisi aliinakili kwenye disketi, akazifungia kabatini.

Mwezi wa saba likaja boksi kutoka Leicester, Uingereza. Kaka yake Jayshree, mke wa Bipin, alikuwa amemtumia dada yake mchezo wa kompyuta. Juu ya boksi palichorwa treni ikitoka ndani ya mlima. Ulikuwa mchezo wa kutandaza reli, kujenga stesheni na kuongoza treni ili zifike salama. Jayshree, mama yake Swati, alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na hakuwahi kugusa mchezo wa kompyuta. Lakini alilishika lile boksi kwa mikono miwili, akaketi nalo kaunta mchana kutwa.

Wiki ile Hiren, mpwa wa Bipin, alikuwa amekuja kutembea kutoka Nairobi, ambako alikuwa akiuza kompyuta mpya. Alikuwa kijana mwenye adabu na elimu, na alimpenda shangazi yake. Alipoona boksi limeandikwa kwamba mchezo unataka Windows 95, hakusita. Jumapili, duka likiwa limefungwa, aliiweka Windows mpya kwenye kompyuta ya duka.

Jumatatu asubuhi ile programu ya spea haikufunguka. Ilitungwa na mtu aliyekuwa akiyajua ya zamani tu, na hayo mapya haikuyatambua. Wateja walisimama kaunta, huyu akitaka breki, yule akitaka mkanda wa cherehani, na Bipin akipanda na kushuka ngazi ya rafu akitafuta kwa macho. Saa nne akamwita Nyamoita.

Nyamoita alitazama skrini, akauliza maswali mawili, akaenda kuleta disketi zake. Hakumlaumu mtu. Aliketi, akafuta, akarudisha Windows ya zamani, kisha akaingiza disketi za Alhamisi moja baada ya nyingine. Kufikia saa tisa duka lilikuwa limepata akili zake.

Bipin alipangusa uso kwa leso. "Kuanzia leo," alisema, "mashine hii ni ya duka. Michezo hapana."

"Anko, nisamehe," Hiren alisema. "Lakini kosa ni la uzee wa mashine. Huu mchezo hauwezi kukubali Windows ya zamani. Si mimi nasema, imeandikwa hapa kwenye boksi."

Nyamoita alilichukua boksi, akaligeuza, akalisoma pande zote.

"Boksi limeandikwa na anayeuza," alisema. "Ningependa kusoma kilichoandikwa na aliyetengeneza."

Hiren alitabasamu. "Madam, ukifaulu, mimi nitakuja kuwa mwanafunzi wako."

"Karibu," Nyamoita alimjibu, naye hakuwa akitania.

Kesho yake Jayshree alipanda ngazi mwenyewe, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo kwa ajili ya magoti yake. Aliketi, akatoa ile CD ndani ya pochi.

"Mama Kwamboka," alisema, akimwita kwa jina la bintiye wa kwanza, "sema kweli tu. Inawezekana?"

"Sijui bado, Mama Swati. Lakini mimi pia nina kompyuta kama ile ya duka, hii hapa. Nitajaribu kwa yangu kwanza. Ikivunjika, imevunjika ya kwangu." Akamtazama. "Kwa nini treni?"

Jayshree aliigeuza CD mkononi. "Mimi nilizaliwa Muhoroni. Nyumba yetu ilikuwa hatua ishirini kutoka reli. Baba alikuwa mkuu wa stesheni. Nimeolewa hapa miaka ishirini na minane, na hapa hakuna reli."

Nyamoita aliipokea CD.

Mchezo ulikataa mara ya kwanza, kama boksi lilivyoahidi: ujumbe mfupi wa kutaka Windows 95, kisha kimya. Nyamoita hakubishana nao. Alitoka kwenye Windows, akaenda kwenye skrini nyeusi isiyo na picha, akaanza kufungua CD folda kwa folda, kama mtu anayekagua nyumba kwa kupitia mlango wa jikoni. Katika folda ya mwisho alikuta faili la maandishi matupu, kurasa kumi na nne za maelezo ya watengenezaji. Alizisoma zote. Mwishoni kabisa, pale ambapo msomaji mwingine angekuwa amekwisha choka, palikuwa na mistari minne: mwenye Windows ya zamani anaweza kujaribu kuiwekea kiongezo kitakachoiwezesha kubeba programu za kisasa; kiongezo kimo humu kwenye CD; hatuahidi kwamba kitafanya kazi, wala tusiulizwe.

Nyamoita alicheka peke yake. Alikijua kile kiongezo kwa jina, lakini hakuwahi kukitia mkononi. Alikiweka. Kisha akaibadilisha skrini kutoka rangi kumi na sita hadi mia mbili hamsini na sita, kwa sababu mchezo usingechora kwa rangi chache. Jumatano jioni picha ya treni ilitokea, nzuri, moshi na yote. Ikakaa kwa muda wa pumzi moja, mchezo ukajifunga. Faili halionekani, skrini ilisema.

Alhamisi yote aliitumia kulitafuta faili ambalo alikuwa akiliona kwa macho yake. Lilikuwemo. Alilihesabu pamoja na mengine. Ila mchezo ukiliita, hapana. Alikwenda kununua chai, akarudi, akasimama mlangoni na kikombe, akaona.

Ilikuwa ni majina. Windows ile mpya iliruhusu jina la faili liwe refu utakavyo. Ya zamani ilikubali herufi nane, zilizozidi ikazikata. Mchezo ulikuwa ukiita kwa jina refu, na faili lilikuwa limesimama pale na jina lililokatwa, kama mtoto anayeitwa shuleni kwa jina ambalo nyumbani hakulizoea. Shida hii Nyamoita alikuwa mwenyeji nayo. Miaka sita kule Nyansiongo alikuwa akiyafupisha majina ya wakulima wa chai yaingie kwenye herufi nane bila Nyaboke mmoja kugeuka Nyaboke mwingine.

Aliyahamisha mafaili kutoka kwenye CD hadi ndani ya kompyuta, akayapa kila moja jina jipya, fupi na safi. Kisha akalifungua faili la orodha, lile ambalo mchezo huliangalia ujue mambo yake yako wapi, akayaandika humo majina hayo mapya mahali pa yale marefu. Yalikuwa arobaini na moja. Aliyaandika pia kwenye daftari, kwa mkono, safu mbili.

Ijumaa saa sita mchana treni ilitoka stesheni. Ilikwenda kwa kushtukashtuka, kama mbuzi anayevutwa kamba, lakini ilikwenda. Jayshree aliitwa, akaja, akasimama nyuma ya kiti na mkono mdomoni. Waliifuata kwa macho hadi ilipofika upande wa pili.

"Mbona inakwama?" Jayshree aliuliza hatimaye.

"Haina nafasi ya kutosha kichwani. Nitaipatia."

"Leo?"

"Jumatatu. Jua la Ijumaa nalijua mimi, Mama Swati. Haliongezi dakika."

Akafunga chumba, akaenda Manga.

Jumapili, akiwa anakata majani makavu ya migomba pamoja na Ombui, jibu lilimjia. Kompyuta ikiwashwa asubuhi, ilikuwa ikijibebesha mizigo yote kwa pamoja: ya duka, ya mashine ya kuchapa, ya hiki na kile. Mchezo ulikuwa ukikuta viti vimejaa. Kwa hiyo kompyuta iulizwe tangu inapoamka: leo unaamkia kazi gani? Ikiwa ya duka, ibebe ya duka. Ikiwa ya treni, ibebe ya treni peke yake.

"Unacheka nini?" Ombui aliuliza.

"Nimepata."

"Umepata nini?"

"Pa kuwakalisha watu," Nyamoita alisema, na Ombui, aliyekuwa amemzoea, akaendelea kukata.

Jumatatu asubuhi aliandika ile orodha ya kuamkia kwenye kompyuta yake, mistari isiyozidi thelathini. Treni ilikwenda laini kama mafuta. Jayshree alitaka waiweke kwenye kompyuta ya duka wakati Bipin ameenda benki.

"Hapana," Nyamoita alisema. "Mashine ya mtu siigusi bila yeye kujua."

Akateremka, akamweleza Bipin kila kitu, bila kupunguza wala kuongeza. Bipin alisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Na ukiharibu?"

"Hiren alipoiharibu, nani aliitengeneza?"

"Wewe."

"Basi. Na mimi siondoi kitu. Hiren alitaka tuondoe ya zamani tulete mpya. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Ya zamani itabaki vilevile, na disketi ninazo."

Bipin alitazama kaunta, akamtazama mkewe aliyekuwa akijifanya anapanga nati. "Saa ya chakula," alisema, "duka likifungwa."

Saa saba na nusu kazi ilikuwa imekwisha. Kompyuta iliwashwa, ikauliza: moja, duka, mbili, treni. Bipin alibonyeza moja. Akaitafuta shatoli ya cherehani ya miguu, kile chuma kinachobeba uzi wa chini, akaambiwa rafu ya tisa, akaenda rafu ya tisa, akarudi nayo mkononi. Akazima, akawasha tena. Safari hii aliinuka, akamwachia mkewe kiti.

"Haya, bonyeza wewe."

Jayshree alibonyeza mbili. Filamu fupi ya mwanzoni haikuonekana, na muziki haukuwepo. Nyamoita alikuwa amewaambia mapema kwamba hivyo viwili amevishindwa. Honi ililia, na hiyo ilitosha. Jayshree alitandaza reli moja, akaweka stesheni mbili, na mchezo ukataka kuzipeleka treni mbili kwa wakati mmoja. Alizizuia zote.

"Hapana, hapana," alisema. "Njia ni moja. Dereva haondoki kama hana ringi mkononi."

"Ringi gani?" Bipin aliuliza.

Basi akamweleza. Ringi ya chuma kubwa kama usukani, yenye kibali ndani yake. Kwa kipande kimoja cha reli ringi ni moja tu, asiye nayo haendi. Baba yake alikuwa akisimama ukingoni mwa reli na kuinyoosha, na dereva akaidaka ringi huku treni ikiwa mwendoni. Siku moja, Jayshree akiwa na miaka tisa, baba alikuwa na homa, naye akaibeba ile ringi hadi jukwaani kwa mikono miwili, dereva akashuka kuipokea na kumvulia kofia.

Bipin aliketi juu ya kreti la pedali. Miaka ishirini na minane ya ndoa, na habari hii hakuwahi kuisikia. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza," Jayshree alisema, macho yakiwa kwenye skrini. "Na mimi sikukumbuka mpaka sasa."

Siku ile duka la Bipin lilifunguliwa saa tisa badala ya saa nane, na mteja aliyelalamika aliambiwa kuna treni imechelewa.

Hiren alipigiwa simu Nairobi. Mwanzoni alidhani anafanyiwa mzaha. Kisha akaomba azungumze na Nyamoita mwenyewe, akamuuliza kwa utaratibu alivyofanya, na katika waya ilisikika sauti ya kalamu. Nyamoita alipofika kwenye habari ya majina, kalamu ikasimama.

"Mimi ningeuza mashine mpya," Hiren alisema.

"Ungeuza," Nyamoita alikubali. "Na spea zingepotea."

Neno lake la kuwa mwanafunzi alilitimiza. Alikuja mwezi wa kumi na mbili, akakaa siku nne kule juu ya duka kwenye kiti kilichokosa mgongo, na alipoondoka alikuwa na nakala ya daftari la Nyamoita. Mwaka uliofuata ndiye aliyemtumia habari ya shule moja ya wasichana upande wa Borabu, iliyopewa kompyuta kumi na moja za zamani na kuambiwa na kila fundi kwamba hazifai hata kuzuia mlango usijifunge. Nyamoita alikwenda, akazitazama, akamwambia mwalimu mkuu zitafaa tisa. Zilifaa kumi.

Jayshree alijenga reli kutoka ziwani hadi Kisii, akapitisha njia kwenye milima yote ya katikati. Bipin alimwambia mahali pale treni haiwezi kupanda. Alimjibu kwamba inaweza, mradi isiwe na haraka, akaendelea kutandaza.