Mguu Unaoinuka Mapema

Kokoto ndizo zilizosikika kwanza. Nilikuwa chumbani napigana na ukurasa usiotaka kuisha, nikasikia magurudumu yanasaga kokoto za kichochoro chetu polepole, kama mtu anayetafuna karanga huku akisikiliza maneno ya watu. Injini hakuna. Ukafuata mlio wa handbreki, kisha kikohozi ninachokijua. Nilipofungua dirisha, pikapu nyeupe ya mjomba wangu, kaka yake mama, ilikuwa imesimama kandokando ya ukuta, na yeye ndani amekaa wima, mikono juu ya usukani.

"Umezimia wapi gari, mjomba?"

"Pale kwa muuza mkaa."

"Kote huko umekuja bila injini?"

"Kichochoro kinateremka, kwa nini nikilipie? Na shikamoo yako umeificha wapi, mpwa wangu, mbona umeanza na maswali?"

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Vaa viatu twende shamba."

Safari ile niliiomba mwenyewe, ila sikumwambia sababu zote. Binti yake mkubwa, ambaye mimi namwita dada, anaishi Bunju, na ndiye aliyeinunua ile pikapu. Siku mbili kabla alinipigia simu. Watu walikuwa wamempelekea habari kwamba baba yake anakwenda mwendo wa kobe, malori yanapanga foleni nyuma yake yanapiga honi. "Panda naye uangalie," alisema. "Mimi nikipanda anaendesha kama yuko kwenye mtihani. Ukiniambia anafaa, namwachia. Ukiniambia hafai, Jumamosi naja kuichukua." Nikakubali, moyo ukanisuta. Mjomba alishika usukani wa malori kabla hajaoa. Kumnyang'anya gari ni kumvua kitu ambacho sisi wengine hatukijui hata jina lake.

Lakini nilikuwa na sababu yangu pia, na hiyo ndiyo niliyomwambia. Gari langu dogo linakunywa. Petroli ninayotia Jumatatu haiioni Ijumaa, na safari zangu zenyewe ni za sokoni, benki na ufukweni kutafuta sentensi. Yeye huenda Fukayosi shambani na kurudi Bagamoyo mjini, mara mbili kwa wiki, na mshale wake wa mafuta unashuka kwa kusitasita. Nilitaka kujua anafanya nini mle ndani.

Alianza kabla ya kuondoka. Alizunguka gari akiyabonyeza matairi kwa kidole gumba cha mguu, akasimama kwenye la nyuma kushoto. "Hili limechoka. Tutalitia upepo sheli. Tairi laini ni kama kutembea kwenye mchanga wa pwani, unachoka hujafika." Kisha akachungulia nyuma ya pikapu. Mlikuwa na tairi kuukuu, mfuko wa saruji ulioganda na vipande vya mabati.

"Hivi vinakwenda Fukayosi kufanya nini?" akaniuliza.

"Mimi nitajuaje? Gari ni lako."

"Mimi pia sijui. Basi vishuke."

Tukavishusha. Akapandisha miche ya mananasi, unga wa mlinzi wa shamba na spea ya pampu aliyoagizwa na mtu wa kule. Alikuwa amesubiri siku tatu mpaka kazi hizo tatu zikutane kwenye safari moja.

Kisha akavua ndara ya mguu wa kulia, akaiweka pembeni.

"Kiatu ni kiziwi," alisema.

Aliwasha na kuondoka hapohapo, taratibu. Mimi huwasha gari kwanza, halafu ndiyo nakumbuka kujibu ujumbe kwenye simu, nafunga mkanda, natafuta kitambaa cha kufutia kioo. "Injini ipatie moto njiani," alisema, "uani inapika chungu kitupu." Hatujafika barabara kuu, mzee mmoja akatunyooshea mkono. Mjomba alizima injini kwanza, ndipo akaitika salamu. Wakaulizana ya nyumbani, ya watoto, ya mgonjwa wa Kaole, ya mvua, ya harusi iliyoahirishwa. Nilipotazama saa nikaelewa. Ni mara ngapi nimesimama hivyo mimi, dirisha wazi, nikiulizana hali na mtu kwa adabu zote za pwani, na injini inanguruma miguuni pangu?

"Salamu zetu ndefu," alisema tulipoondoka. "Siziwezi kuzifupisha. Kuzima gari naweza."

Baada ya kutia upepo, tukashika barabara ya Msata. Aliingiza gia moja baada ya nyingine mapema, injini ikawa inavuma kwa sauti ya chini, kama mtu anayeimba na midomo imefungwa. "Sikiliza. Ikipiga kelele, umechelewa kubadili. Ikitetemeka, umewahi. Katikati yake ndiyo njia." Nikatoa daftari. Alicheka. "Andika, andika. Nikisoma kitabuni nimo, nitadai nanasi langu."

Kilichoniteka zaidi ni ule mguu mtupu. Ulikaa juu ya pedali kama ndege juu ya tawi jembamba, na ulikuwa unainuka kabla ya kila kitu. Mguu unainuka, mimi natazama mbele, sioni kitu. Nahesabu moja, mbili, tatu, nne, tano, halafu tuta hilo linajitokeza, na sisi tumeshapungua mwendo wenyewe, breki haijaguswa. Tukavuka kama tunapita juu ya mto wa kulalia. Makurunge hivyo. Kwenye shule hivyo. Hata askari wa usalama barabarani wenye tochi yao ya kupimia mwendo, mguu uliinuka kabla yao.

"Umewaonaje wale?"

"Pale kwenye mkorosho wanapapenda. Kuna kivuli."

Nikaandika kwenye daftari: anaona mbali kuliko mimi. Nikapiga mstari chini. Moyoni nilishamaliza kazi ya dada. Huyu anafaa, anatufaa sote, apewe na wanafunzi.

Tuligombana mara moja tu, njia ilipoanza kuteremkia bonde la Ruvu. Alitia frii, gari likawa halina gia, akazima, akaurudisha ufunguo nusu ili usukani usijifunge. Pikapu ikateleza na upepo.

"Mjomba, fundi wangu anasema magari ya siku hizi huna haja. Ukiacha gia humohumo na ukaondoa mguu, injini yenyewe inakata mafuta. Tena breki na usukani vinabaki na nguvu."

"Fundi wako ana miaka mingapi?"

"Thelathini hivi."

"Mimi nimeanza kuzima malori milimani, baba yake bado anaogeshwa."

"Na breki?"

"Breki ni za watu wenye haraka."

Shambani tulikaa mpaka adhuhuri ikapita. Tulipanda miche, tukala mihogo, akamtania mlinzi kwamba nyani wa hapo wana adabu kumshinda. Wakati wa kuondoka nilichungulia mshale wa mafuta. Ulikuwa umeshuka upana wa kucha.

Kurudi, bonde la Ruvu tuliliingilia upande wa pili. Akatia frii, akazima. Jua lilikuwa kali, lami mbele yetu inacheza kama maji. Mimi nilikuwa nimelegea kwa shibe na furaha ya mtu aliyepata alichokifuata.

Ndipo nikaona matawi. Yako mbali, kijani juu ya lami nyeusi, moja, halafu jingine. Kila mtu wa barabara zetu anayajua: dereva gari likimfia njiani, hukata matawi na kuyalaza nyuma yake, hatua kwa hatua, kuwaambia wanaokuja kwamba mbele kuna kitu. Nikageuka kuutazama mguu. Nilitaka kuuona ukienda kwenye breki, ile raha ya kujua kabla.

Haukwenda. Ulikuwa umelala sakafuni.

Nikajiambia ana hesabu yake, yeye anajua. Tukapita juu ya tawi la kwanza, likavunjika kwa mlio chini ya magurudumu. La pili. Uso wake ukabadilika, akainama mbele kuelekea kioo, na nikaelewa kwamba anaitafuta ile sauti.

"Mjomba, lori! Lori hilo!"

Alikanyaga. Breki ilishika kidogo, akaachia, akakanyaga tena, safari hii ikawa ngumu kama jiwe. Akauvuta usukani kwa mikono miwili na mabega, pikapu ikaenda kulia kwa uzito wa ng'ombe asiyetaka kuingia zizini. Kioo cha pembeni kiligonga bodi la lori kikajikunja. Tungemkuta mtu anakuja upande ule, nisingeandika haya. Hakukuwa na mtu. Tukasimama kwenye nyasi mbele ya lori, vumbi likatufikia nyuma yetu.

Dereva wa lori alitoka chini ya gari lake, mikono imejaa grisi.

"Mzee wangu, matawi nimeweka sita! Sita!"

Mimi nilishuka nikamwomba radhi, nikarudi nikakaa.

"Mjomba, bodi la nyuma la lile lori limeandikwa nini?" Tulikuwa tumelipita sasa hivi, nami nilikuwa nimelisoma tulipokuwa tunalijia.

"Malori yote yameandikwa upuuzi uleule."

"Huo upuuzi, ulikuwa wa rangi gani?"

"Nyekundu."

Yalikuwa maandishi ya bluu, herufi kubwa kama sahani.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu masika ya mwaka jana. Ukungu. Karibu naona. Mbali ni kama kuna moshi wa jikoni."

"Na yale matuta?"

"Matuta hayahami." Aligusa goti lake. "Barabara hii ninayo. La shule liko pale upepo unapobadilika, minazi inapokwisha. La Makurunge, kuna daraja dogo kabla yake, lina mlio. Natoa mguu, nahesabu."

Nilikumbuka kwamba na mimi nilikuwa nahesabu, asubuhi nzima, pembeni yake. Nilimtazama mguu mpaka nikaujua mishipa. Macho yake sikuyatazama hata mara moja.

"Kwenda polepole nilianza kwa ajili ya mafuta, Mungu ni shahidi," alisema. "Enzi za malori tulikuwa hatuna mchezo na mafuta. Halafu macho yakaingia ukungu, nikaona kumbe sina cha kubadilisha. Watu wakasema mzee bahili wa petroli. Nikawaacha waseme."

Lori nyuma yetu lilikuwa linagongwa nyundo.

"Ulitumwa," alisema.

"Nilitumwa. Na kujifunza nilitaka kweli."

"Umejifunza?"

"Nimejifunza."

"Basi zunguka huku uendeshe."

Niliendesha mpaka mjini naye akiwa kushoto kwangu, hana huruma. "Unakimbilia wapi, kwenda kusimama?" alifoka nilipokaribia tuta kwa kasi nikapiga breki. "Hiyo kasi umeinunua, sasa unaitupa." Kwenye mteremko wa mwisho niliacha gia ya nne humohumo, nikaondoa mguu, injini inawaka. Akainamisha sikio kuelekea sakafu kwa muda mrefu.

"Imenyamaza," alisema kwa mshangao, kama mtu aliyeambiwa habari mpya ya rafiki wa zamani. "Haili. Fundi wako si mjinga."

Karibu na nyumbani akaniuliza nitamwambia nini dada. Nikasema nitamwambia alivyonifundisha, na nitamwambia ya matawi.

"Anza na matawi. Ukianza na sifa atajua kuna msiba."

Jumamosi dada alikuja na mumewe, ili mmoja arudi na pikapu ikibidi. Nilikuwa nimemwambia kwenye simu njoo tu, tutazungumza. Tulikaa sebuleni, mke wa mjomba akaleta chai na vitumbua. Nilipofungua mdomo, mjomba aliinua mkono.

"Mwache huyu. Mimi ndiye niliyepita juu ya matawi." Akasimulia yote, lori, kioo, rangi nyekundu, hakuacha kitu. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na birika, hakulitua.

Dada alilia kidogo, akamkaripia, akalia tena. Akasema wiki ijayo anampeleka kwa daktari wa macho, huenda ni mtoto wa jicho tu, hutolewa. Mpaka daktari aseme, pikapu itakaa Bunju. Mimi nikasema naweza kumpeleka shamba kwa gari langu.

"Una vitabu vyako," mjomba alinijibu. "Siku mbili utanipeleka, ya tatu utasema una sura hujaimaliza. Lakini sikatai."

Alimkabidhi dada ufunguo mkononi. Akamtajia matuta yote kutoka Bagamoyo mpaka Bunju, moja moja, Kerege, Mapinga, na ni wapi atoe mguu kwa kila moja. Dada aliitikia yote. Akatoka, akaiwasha pikapu, ikabaki inanguruma uani huku anatafuta kitu kwenye pochi. Mjomba alifumba macho kama anayechomwa sindano, mpaka ikaondoka.

Kisha akainuka, akachukua kofia yake kwenye msumari.

"Wapi tena?" mkewe akamuuliza.

"Kwa wale wawili." Alimaanisha majirani waliokuwa wakipanda naye kila Jumatatu kwenda kwenye mashamba yao, miaka yote hii. "Wamejipanga wakijua wana gari. Wasije wakayasikia sokoni."

"Nikusindikize, mjomba?"

"Kwa miguu najua kwenda."

Aliivaa kofia, akaiweka sawa kwa vidole viwili, akatoka, akaurudishia mlango.