Waliomo Kwenye Begi

Mimi ni mtu wa kushuku, na kazi yangu imenizidishia. Natafsiri filamu katika kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, hapa Lipingo, karibu kabisa na Ziwa Nyasa. Nakaa kando ya televisheni na kipaza sauti. Wale wa ndani wakisema kizungu mimi nasema Kiswahili, na pakihitaji utani nachomekea Kinyasa. Nusu naelewa, nusu najaza mwenyewe. Wateja wanajua, na wengi huja kwa sababu ya hiyo nusu ya pili. Ndiyo maana mtu akinisimulia jambo tamu, mimi huanza kujiuliza ameongeza wapi.

Ile katuni nilianza kuishuku kabla haijafika. Yalitangulia mabegi. Nilikuwa nimepanda Mbinga mjini kujaziwa filamu kwenye flashi, nikayakuta yamening'inia dukani, yote na picha moja: baba, mama, mtoto wao na mbwa, wamekaa kwenye mashua wanacheka meno nje. Mwenye duka ni mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani. Baada ya salamu nikamuuliza hawa ni akina nani.

"Mimi siwajui, mwanangu. Ni wa katuni inayokuja. Watoto ndio wanaowajua."

"Wamewajulia wapi na filamu yenyewe haijafika?"

"Kwenye biskuti."

Nikacheka, lakini sikufurahi. Walikuwepo kwenye biskuti, kwenye kandambili, kwenye majalada ya madaftari. Filamu nyingine huja kama mgeni, inabidi nimtambulishe mtu mmoja mmoja. Hii ilikuja kama ndugu aliyetanguliza mizigo, ukimkuta mlangoni huna namna ya kumkataa. Nani aliyewatuma hawa watu mpaka vijiji vya Ukata na Namswea, kwenye nyumba ambazo hazina hata televisheni? Hakuna aliyeweza kunijibu.

Ilipofika niliitazama peke yangu mchana, mlango nimefunga, natafuta ubaya wake. Pale bandani tuna kipande cha boksi. Watu wakianza kubusiana, mwenye banda hukisimamisha mbele ya kioo mpaka nitangaze kwamba wameachana. Safari hii boksi lilikaa chini mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na damu, hapakuwa na mlevi, hapakuwa na dini ya mtu yeyote. Hata mbwa alikuwa na adabu. Ilikuwa uji wa mtoto mchanga, umechujwa mpaka hakuna kitu cha kumkwama mtu kooni.

Katekista akasema watoto wapelekwe. Mwalimu wa madrasa naye akasema wapelekwe. Hawa ni watu wawili ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya sauti ya spika zetu. Kitu kikimpendeza kila mtu namna hiyo, mimi nashika mfuko wangu.

Sasa mdogo wangu wa kike ana binti yake aliyeanza darasa la kwanza. Baba wa mtoto, shemeji yangu, alitoka kuvua usipa, dagaa wa ziwa letu, upepo mkali wa mwera ukamkuta akiwa mbali. Mtumbwi ulipatikana umepinduka. Yeye hakupatikana. Hapakuwa na mwili, kwa hiyo hapakuwa na kaburi, na pasipo kaburi hakuna aliyejua mtoto aambiwe lini. Nyumbani tukashika neno moja: baba yuko ng'ambo. Mtoto hakuuliza sana. Aliomba begi tu, lile la mashua, mpaka mama yake akamnunulia.

Nilimfuata mdogo wangu nikamwambia asimpeleke. "Kuna dhoruba mle ndani. Baba anaangukia majini."

"Anatoka?"

"Anatoka, ndiyo."

"Nilijua, kaka. Si yumo kwenye begi? Wote wamo, wanacheka." Alikuwa anachambua dagaa, hakuinua macho. "Mimi nimechoka na mambo nisiyojua yataishaje. Niache na mimi nikae mahali bila kuogopa."

Nilikuwa nikijiuliza siku zote wenye katuni wanatuuzia nini, nikidhani ni picha, nikidhani ni begi. Kumbe walituuzia mwisho, na wakatuonyesha mapema ili tusije na wasiwasi. Mtu ambaye ziwa limemnyima mwisho wake atakosaje kuununua? Nikazidi kuwaogopa wale watu, popote walipo. Walimjua mdogo wangu kuliko mimi.

Jumapili baada ya misa banda lilifurika. Wazazi walikaa humo humo na watoto wao, jambo ambalo sijawahi kuliona. Nikaanza kutafsiri, watoto wakaanza kunisahihisha. Nikiongeza utani wananiambia huyo hawezi kusema hivyo. Ilipofika dhoruba niliitetemesha sauti, nikavuta pumzi, nikafanya kila ninachojua. Baba akazama. Hakuna aliyeshtuka.

"Hafi huyo!" mmoja akapiga kelele. "Yumo kwenye begi!"

Banda zima likacheka. Mpwa wangu peke yake hakucheka. Alikuwa amelipakata begi lake, kidole amekiweka juu ya yule baba, haondoi. Baba alipoibuka, mtoto akaachia pumzi akamlalia mama yake, na mama yake alikuwa analia huku anatabasamu. Niliwatazama nikaona haya. Nikajiambia labda nimeisingizia katuni ya watu bure.

Kesho yake asubuhi nilipita kwao kabla ya shule.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Umeamkaje?"

Aligeuka anionyeshe mgongo. Kwenye begi, katikati ya yule baba na yule mama, palikuwa na picha ya shemeji yangu, ile ndogo ya pasipoti ambayo mdogo wangu huihifadhi ndani ya Biblia. Aliibandika kwa ugali, na ugali ulikuwa haujakauka.

"Sasa na baba yumo," akasema.

Mama yake alikuwa anafagia uani. Ufagio ukasimama. Nilidhani atamgombeza kwa ajili ya picha, kwa sababu hana nyingine. Aliuweka ufagio chini, akaketi kizingitini, akamvuta mtoto taratibu kwa mkanda wa begi.

"Mwanangu, nisikilize. Baba hayuko ng'ambo. Baba yako alikufa ziwani. Harudi."

Alisema kwa Kinyasa, lugha ambayo mtoto amezaliwa nayo. Kila neno lilisikika. Lakini mtoto aligeuka akanitazama mimi, kama watoto wote wanavyonitazama bandani maneno ya kwenye kioo yanapowapita.

"Mjomba, amesemaje?"

Nilijua maneno matamu mengi ya kuweka hapo, na alikuwa anayangoja.

"Amesema baba alikufa ziwani," nikamwambia. "Amesema harudi."

Sikuongeza kitu.