Kokoto Chini ya Ulimi

Carmosina alikuwa mjane. Mumewe alifia machimboni Ubelgiji, akamwachia nyumba ya mwisho kijijini kwetu na binti mmoja, Incoronata. Alisuka vikapu vya fito, na alikuwa na mdomo ambao hata mimi, kinyozi, niliuogopa. Aliwahi kumwambia Padri Eligio mbele ya kanisa zima kwamba mahubiri yake yalimlaza hadi mbwa wa sakristani, mtunza kanisa. Ndiyo maana sote tulishtuka mwaka ule alipoamua kupanda mlima kwa kimya.

Ilikuwa mwisho wa Agosti, mwaka sitini na moja. Incoronata, wa miaka tisa, alishikwa na kichomi. Daktari alikuja kutoka mjini, akamchoma sindano, akatikisa kichwa, akasema tungoje. Carmosina hakuwa mtu wa kungoja. Huku kwetu, mwenye shida kubwa hupanda kwa Madonna, Mama wa Mungu wa kileleni, pekupeku, usiku wa hija, kokoto ikiwa chini ya ulimi, kuanzia darajani hadi mlango wa kanisa. Hasemi neno wala haimbi. Neno likimponyoka, nadhiri imevunjika, na kile alichokiombea kinachukuliwa. Ndivyo walivyosema bibi zetu. Padri Eligio alilikataza jambo hilo kila mwaka, na kila mwaka tulimwitikia vizuri kisha tukafanya yetu.

Carmosina alimwacha mtoto kwa dada yake, akaja darajani jua likizama. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita na nimeshateremsha vikombe vitatu vya divai, basi nikamtania.

"Dada Carmosina, leo mlima utapumzisha masikio."

Aliniangalia tu. Nilitamani niyarudishe maneno yangu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza kama kengele ya msiba imeanza kulia kijijini.

Nilibeba karabai mbele ya wote, kwa sababu nilikuwa nimejigamba kwamba njia ile naijua hata nikifungwa kitambaa machoni. Wenye nadhiri hutembea nyuma tu ya taa, waone mawe. Mwaka ule mwenye nadhiri alikuwa mmoja. Nyuma yake alikuja mpiga zumari, na nyuma ya zumari watu sitini wakiimba kwa nguvu zao zote.

Tulipopita chemchemi, wingu likatushukia. Mtu asiyewahi kushika karabai ndani ya wingu hajui ubaya wake: mwanga haufiki mbele, unakurudia usoni, mweupe, na miguu yako mwenyewe huioni. Niliutafuta msalaba wa mbao unaoonyesha pa kukata kulia. Sikuuona. Nikajiambia bado. Nikaenda, nikaenda tena, na ardhi ilikuwa tambarare pale ambapo ilipaswa kupanda. Ningesimama ningechekwa mwaka mzima. Kwa hiyo nilifanya kama wapumbavu wote walioshika taa: nikaongeza mwendo, hata nikamwacha Carmosina nyuma.

"Sabatino, simama! Mbele hakuna njia!" Ilikuwa sauti ya Carmosina.

Nilisimama mguu mmoja ukiwa hewani. Jiwe nililolipiga kwa kiatu lilianguka, na sikulisikia likifika popote. Nikakaa chini papo hapo nikikumbatia taa, nikimwita mama yangu. Sioni haya kulisema.

Zumari likakatika, na nyimbo zikafa safu baada ya safu, mpaka ukabaki upepo. Ndipo tulipomsikia Carmosina. Alikuwa amepiga magoti, anapapasa majani gizani, anaitafuta kokoto iliyomtoka mdomoni. Wanawake walimshika mabega, akawasukuma. Padri Eligio akamwambia kwamba Mama wa Mungu si askari wa forodha wa kumvizia mtu kwa neno moja, tena neno lililookoa watu. Carmosina aliokota kokoto nyingine, akaitia mdomoni, akapanda hadi kileleni, na ndani ya kanisa hakuinua macho hata mara moja.

Alfajiri aliteremka mbio, pekupeku vilevile, nami nikamfuata kwa mbali. Kila tulipokaribia kona nilisikiliza kengele. Nilimwomba Mungu kwa woga ambao sijawahi kuwa nao tena, kwa sababu kama mtoto yule angekufa, angekufa kwa sababu yangu.

Incoronata alikuwa ameketi kitandani anadai mkate.

Sisi tulishangilia. Carmosina hakushangilia. Kwake adhabu ilikuwa imechelewa tu. Mtoto akikohoa, mama alisimama. Akichelewa kisimani, mama alikuwa tayari barabarani. Alipunguza maneno, na kijiji kikapoa. Miaka kumi ilipita hivyo, mpaka Incoronata akapata kazi kiwandani Uswisi.

Siku moja kabla ya binti kuondoka, Carmosina aliingia kwenye duka langu la kunyolea, mahali ambapo mwanamke haingii. Nilikuwa peke yangu, nanoa wembe. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akajitazama kwenye kioo, akaniuliza kama najua aliijuaje njia usiku ule. Nikasema sijui. Akasema baba yake alichoma makaa upande ule, na njia ya wachoma makaa inaishia gengeni. Sisi wenye viatu hatukusikia kitu. Yeye alikanyaga vipande vya makaa kwa nyayo tupu, akajua.

"Nilikuhesabia hatua za kwenda gengeni, Sabatino," alisema. "Saba. Nikasema moyoni, mama yake ana wengine watano, mimi ninaye mmoja. Nilishaamua kunyamaza. Ile sauti ilitoka yenyewe, na kama ingerudi ningeimeza. Watu wananibariki njiani kwa kukuokoa, na mimi sikukuokoa. Kesho mtoto anapanda treni. Lazima ujue wewe, ili kama kuna kulipa nilipe mimi, asilipe yeye."

Hasira ilinipanda kichwani. Nilitaka kumwambia atoke. Upande wa pili wa ukuta, mke wangu alikuwa akimbembeleza binti yetu wa miezi minne, aliyekuwa na homa tangu jana yake. Nilimsikia mtoto akikohoa, na nikajikuta nimeacha kupumua mpaka alipotulia.

Nikaweka wembe mezani.

"Dada," nikamwambia, "mimi ningehesabu mpaka mwisho."