Pumzi ya Mashavu

Baba yangu alikuwa sonara hapa Siyu, miaka michache kabla ya vita vya Mjerumani, na kwa kuwa hakujaaliwa mtoto wa kiume, mimi ndiye niliyempulizia makaa kwa mrija wa shaba. Nikipuliza kwa pupa alinikemea: pumzi ya kifua huunguza kazi, pumzi ya mashavu ndiyo inayoyeyusha. Nilichukia kukemewa. Hata sasa nachukia.

Dada yangu alijifungua asubuhi moja ya miaka hiyo, katika chumba cha ndani, moshi wa udi ukielea juu yetu kama haujui pa kwenda. Mtoto alitoka kimya, rangi ya zambarau, amelegea. Mkunga alimsugua mgongo, akampangusa kinywa. Shangazi alipiga upatu, sahani ya shaba ya ngomani, karibu na sikio lake ili ashtuke, hakushtuka. Shemeji alikuwa mlangoni, ameshatia udhu, akingoja kuitwa amwadhinie mwanawe. Hakuna aliyemwita.

Shangazi akaanza kutafuta kitambaa cheupe. Hapo nilipandwa na hasira, maana shangazi yangu alikuwa hodari wa kuzika hata kabla ya kifo. Mkunga alimzuia.

"Bado yu ndiani," alisema, kwamba mtoto angali njiani. "Kitovu kingali chapiga."

Sijui nani aliyenituma. Nilimchukua mtoto, nikafunika pua na kinywa chake kwa kinywa changu, nikapuliza kwa mashavu tu, kidogo kidogo, vile nilivyofundishwa. Mambo yote yakaenda mbali: upatu, kilio cha dada, harufu ya udi. Nilikiona kifua kidogo kikiinuka na kushuka, nikahisi niko mbele ya makaa na baba yu nyuma yangu, safari hii hakemei. Kisha mtoto akashikwa na kwikwi, akalia kwa sauti nyembamba. Shemeji akaingia, akamwadhinia sikioni.

Tulidhani yamekwisha. Lakini msichana yule alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na maneno hayakumjia kabisa. Watu walisema nilimpa pumzi ya kuazima. Nililia sana, nikijiuliza ingekuwaje kama ningepuliza mapema, kabla shangazi hajagusa upatu.

Dada hakuniuliza hilo hata siku moja. Na mtoto mwenyewe, kila aliponitaka, alinijia akanishika kidevu kwa mikono miwili, akanipulizia usoni polepole, kwa mashavu.