Banda la Fundi wa Milango

Kinyozi hajinyoi. Kwa miaka thelathini na minne seremala yule alikuwa ameutengenezea mtaa mzima milango, na mlango wa jiko lake mwenyewe bado ulifungwa kwa kamba. Ndiyo maana shemeji yake, dada wa mkewe, alipomkuta uani Jumamosi asubuhi akipiga randa mbao nyekundu zilizonyooka kama rula, alishika kiuno.

"Shemeji, hilo ni kabati la bibi harusi?"

"Banda la kanga."

"La kanga! Na mlango wa jikoni je?"

"Mlango hauliwi na kicheche."

Shemeji aliondoa mkono kiunoni, maana hapo hapakuwa na mzaha. Kabla ya kupatwa na kiharusi, mkewe fundi alikuwa amewaatamisha kuku mayai ya kanga, wakatoka vifaranga tisa. Kisha akalala hospitali siku hamsini na nane. Ulimi wake ulipolegea kidogo, maneno ya kwanza aliyomwambia mumewe yalikuwa, "Kanga wangu?"

"Wote tisa wazima," fundi alijibu.

Walikuwa saba. Kicheche alikuwa amepanda mpera wanakolala, akachukua wawili kwa usiku mmoja. Fundi hakuweza kuupeleka msiba huo kwenye kitanda kile.

Sasa mgonjwa alikuwa amerudi, siku ya nne, akishinda kwenye kiti karibu na dirisha, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Na chini ya mpera nyayo ndogo za kicheche zilikuwa zimeonekana tena. Fundi alijiapiza: banda likisimama na hao saba wakiwa salama, atasema kweli.

Alilijenga kama asiyetaka kuwiwa na Mungu. Likasimama juu ya miguu minne iliyozungushiwa bati ili kicheche ateleze. Mbao zilibanana hata chungu angelazimika kupiga hodi. Kilango kilikuwa kidogo, cha adabu.

Jioni kanga walikuja kwa msururu, vichwa vyao vidogo juu ya miili ya madoadoa. Wakasimama mbele ya kilango. Wakachungulia giza. Kisha wakapiga kelele kama wameona jini, wakapaa mperani. Kesho yake fundi aliwatupia mahindi mlangoni, akawaswaga kwa ufagio, wakalizunguka banda mara tatu, wao mbele, yeye nyuma, hata shemeji akacheka mpaka akakalia ndoo.

"Wamekuchoka, shemeji! Wapigie magoti!"

Hapo mlango wa nyuma ukalia. Mkewe alikuwa ametoka, peke yake, akiushika ukuta na kuuburuta mguu. Hakuna aliyethubutu kumkimbilia.

"Umewajengea kaburi," alisema taratibu, ulimi ukiwa bado mzito. "Kuku huingia gizani, analala. Kanga haingii asipoona pa kutokea. Toa mbao za mbele na nyuma. Weka wavu. Fito ziwe juu, karibu na paa. Na mlango... mpana."

Fundi alizitazama zile mbao. Alikuwa amejivunia kutopitisha mwanga, na kumbe mwanga ndio uliokuwa ukitakiwa.

"Haya, mama. Kesho."

Asubuhi aling'oa kazi yake kwa mkono wake, misumari ikilia mmoja mmoja. Mkewe alikaa kwenye kigoda, kopo la misumari mapajani, akimpa kwa mkono wa kushoto. Ilipofika zamu ya wavu, fundi aligeuka kuchukua msumari, akakuta unaletwa na mkono wa kulia. Vidole vilitetemeka, ukaanguka. Mkewe akauokota, akampa tena. Fundi aligonga kidole chake mwenyewe, mara mbili, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa maji.

Jioni kanga wa kwanza aliingiza shingo. Ng'ambo ya pili, kupitia wavu, jua lilikuwa likizama. Akaingia, akarukia ufito. Wenzake wakamfuata. Fundi akateremsha komeo.

"Mama," alianza. "Kuna jambo. Wale kanga..."

"Saba."

Alimgeukia.

"Niliwahesabu siku niliyorudi, hata viatu sijavua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuja hospitali siku zote hamsini na nane. Ulinifulia nguo, ulinichana nywele vibaya." Nusu ya uso wake ilitabasamu, na nusu hiyo ilitosha. "Nikasema, huyu baba ana uongo mmoja tu duniani. Acha autunze kidogo."

Fundi akacheka, kisha akakaa chini kwenye vumbi, karibu na kigoda cha mkewe, wakawasikiliza saba wakigombania ufito.

Mbao alizozing'oa hazikupotea. Kabla ya wiki kwisha jiko lilikuwa na mlango. Katikati yake, usawa wa macho ya mtu aliyeketi, fundi alikata dirisha dogo linalotazama bandani.